Tangazo Alilolisoma Mshamu

Dimani, karibu na Kibiti
3 Mfunguo Sita, 1324

Mpendwa shemeji yangu Kibwana,

Salamu nyingi zikufikie huko Unguja, wewe na wote wa nyumbani kwako. Natumaini u mzima, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa kaskazi kimepoa. Huku tuhai, twamshukuru Mungu. Dada yako Zena, mke wangu, hajambo ila amekonda. Sote tumekonda. Mpunga haukupandwa mwaka huu, na sasa mto umefurika juu ya mashamba matupu. Tunakula mizizi ya porini.

Najua ulishapata habari kuwa mdogo wako Mshamu hatunaye. Waliokuletea walikwambia ameuawa katika vita hii ya maji, wakaishia hapo. Miezi sita nashika kalamu naiweka chini. Yaliyobaki ni juu yangu kuyasema.

Niliporudi kutoka pwani na elimu ya herufi za Kizungu, nilifungua darasa barazani kwangu. Watu wetu wanaongea Kindengereko nyumbani. Kiswahili cha kwenye karatasi kwao ni lugha ya ugenini. Nikawafundisha kama nilivyofundishwa mimi, silabi moja moja, na fimbo mkononi. Aliyetaja silabi zote nilimsifu. Sikumwuliza hata mmoja amesoma habari gani. Katika wote hao, Mshamu ndiye niliyejivunia.

Mwishoni mwa Shaabani nilikwenda Nyamisati kumzika shangazi. Nyuma yangu askari wakaleta tangazo kwa jumbe, wakaenda zao. Jumbe akamwita Mshamu alisome mbele ya watu. Yalikuwa maneno machache: "Mwenye kuleta silaha yake kwa jumbe kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama hatafungwa. Atakayekutwa nayo baadaye atauawa."

Mshamu akasoma kama nilivyomzoeza, silabi, kituo, silabi, kituo, hata jasho likamtoka. Alipofika penye "hatafungwa" akatamka "a-ta-fu-ngwa". Ile "ha" ilimponyoka, na kwa kuwa macho yalikwisha kuwinda silabi ya mbele, hakusikia kinywa chake mwenyewe.

Mzee Mtoro akasimama. "Ukiipeleka silaha wafungwa, ukikaa nayo wauawa. Twangoja nini?" Kabla ya adhuhuri nusu ya kijiji ilikuwa imeingia porini na mikuki yao.

Tatu, mkewe Mshamu, ndiye aliyenisimulia yaliyofuata. Alasiri ile mumewe alikaa mlangoni na karatasi, hana raha. Akaisoma kwa sauti, akarudia, akarudia tena, hata ulimi ukalainika na maneno yakashikana kama ya mtu anayezungumza. Hapo ndipo alipoisikia ile "ha".

"Tatu," akasema, "nimewapoteza watu. Imeandikwa hatafungwa."

Akaondoka saa ile ile. Jumbe alimwambia amngoje mwalimu arudi, akakataa. Aliwapata wengi, wakarudi, wakatoa silaha, na kweli hawakufungwa. Lakini wengine walikuwa mbali, ng'ambo ya kijito, naye akawafuata. Mwezi ukaandama angali porini.

Siku ya pili ya mfungo alikuwa njiani na wanaume wanne, mikuki mabegani, wakakutana na askari. Abbasi, aliyeokoka peke yake, ananiambia Mshamu alitangulia mbele na ile karatasi ameiinua juu, akiisoma kwa sauti kubwa. Anasema aliisoma vizuri, bila kusita hata mahali pamoja. Hawakumwacha amalize.

Tulimzika karibu na baba yenu. Nilimwosha mimi.

Baada ya arobaini Tatu akaja barazani. Akaniambia, "Mwalimu, nifundishe, lakini usinifundishe kama ulivyomfundisha yule." Shemeji, neno hilo limenichoma kuliko matusi yote ambayo ningeweza kutukanwa.

Fimbo nimeitupa. Sasa nawasomea kwanza mimi sentensi nzima kwa pumzi moja, nao wanafuata kwa kidole. Kisha tunasoma pamoja, sauti juu ya sauti, aliye mzito akibebwa na wenzake. Kisha wawili wawili wanasomeana ukurasa ule ule, mpaka ulimi usijikwae. Mwisho wananieleza kwa Kindengereko wamesoma nini. Asiyeweza kueleza tunarudi naye mwanzo, wala hachekwi. Hakuna aliyenipa njia hii ila Mshamu, pale mlangoni pake. Tatu sasa anasoma ukurasa ambao hajapata kuuona, na mtu aliye jikoni akamfahamu.

Mama yenu, Bi Mwantum, hakutaka nikuandikie haya. Ananiambia ni kadari, nisijitwike. Lakini wewe ulinikabidhi mdogo wako siku uliyosafiri, nami sikuona haki uyasikie kwa watu. Niwie radhi, ukiweza.

Bi Mwantum anakusalimu na kukuombea kila swala. Tatu anakusalimu. Abbasi pia, mguu wake unapona polepole. Mwenyezi Mungu akulinde, amrehemu Mshamu, atukutanishe kabla hatujazeeka.

Ukiona vigumu kunijibu mimi, mwandikie dada yako. Sitaigusa barua hiyo. Tatu atamsomea.

Ni mimi shemejiyo, nikupendaye hata usiponijibu,
Kondo bin Khamisi