Kaka Anasema Namchuria Mama kwa Kumpiga Picha

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila nikuonye mapema kwamba kuacha siachi. Mimi ni mpiga picha, nina studio, na kazi inayoniletea watu wengi ni kukuza picha za marehemu, wanakuja wanalia, wananipa kitambulisho maana ndiyo picha pekee waliyo nayo ya mzazi wao, amenuna, macho yamemtoka, naikuza mpaka sura inakuwa ukungu mtupu, basi nikaapa kwamba mama yangu hatawekwa fremu akiwa hivyo, na tangu alipoanguka bafuni mwaka jana nampiga picha kila siku, akichambua mchele, akitafuta miwani iliyo kichwani mwake, akisinzia mdomo wazi. Juzi kaka yangu mkubwa akaziona kwenye simu, akaja juu: "Unamchuria mama! Unamwandalia msiba naye anapumua!" Akataka nifute zote, mia nane na ushee. Nikamwambia, "Kwanza wewe uje umwone hata mara moja kwa mwezi, ndipo tuongee habari ya kufuta." Sasa hatusemeshani. Na mama naye siku hizi akisikia hatua zangu anajifunika shuka usoni. Nimekosa nini?

Mpiga Picha

*

Mwanangu Mpiga Picha, pole. Kaka yako mpuuze. Kifo hakiji kwa sababu ya kamera. Kingekuwa hivyo, maharusi wote wangekufa siku ya harusi. Unaogopa kumkosa mama yako, na kuogopa si kumtakia mabaya. Hapo usirudi nyuma hata hatua moja.

Lakini barua nzima unagombana na kaka, shuka la mama umelitengea mstari mmoja! Mteja akiingia studioni unampa kioo, unampa chanuo, unamngoja awe tayari. Mama yako unamvizia usingizini. Huoni aibu?

Kesho kamera ibaki studioni. Kaa kitandani kwake umwambie waziwazi: "Mama, naogopa utaondoka nisibaki na sura yako." Usimzungushe, umri wake anaujua kuliko wewe. Kisha mpe simu azipitie zote, na anazozikataa zifutwe palepale, hata ile unayoipenda kuliko zote. Akisema hataki tena kupigwa picha, basi, utamtazama kwa macho kama sisi wengine. Akikubali, nguo achague yeye, na kiti, na siku.

Na kaka akirudi na makelele yake, wewe nyamaza. Mwache mama amjibu. Yupo.