Pezi Lililokaa Upande

Ellery, Kansas
Jumatano, tarehe 4 Novemba

Kaka yangu mpendwa Orrin,

Salamu zangu zikukute mzima, umekula, na umevaa soksi, maana nakujua. Habari za huko Spokane? Baridi imeshaanza? Na kile kifua chako kimeachia, au bado unakohoa na kumwambia kila mtu kwamba ni vumbi? Mimi ni mzima. Magoti yananisumbua kama kawaida yake, na mavuno ya mtama yametuweka kwenye mizani ya ghala la nafaka tangu alfajiri hadi giza linaingia, malori yamepanga foleni mpaka barabara kuu. Lakini sina cha kulalamika. Yule paka uliyeniachia, unayesema si wako, amenenepa mpaka aibu.

Najua utashangaa kupata barua ilhali tumezungumza kwa simu Jumapili. Ninaandika kwa sababu kwenye simu nilishindwa. Kuna jambo nililokwambia ambalo si kweli, na nikipiga tena utaanza kucheka, nami nikikusikia unacheka nitafyata ulimi. Kwa hiyo keti, soma mpaka mwisho, na usinipigie kabla hujamaliza. Nakuomba.

Unakumbuka ulivyonitumia lile boksi la roketi mwezi wa pili. Ulisema umechoka na maroketi, muda huna, na tangu ustaafu una shughuli nyingi kuliko ulipokuwa kazini. Nikakuuliza shughuli gani, ukababaika, ukasema mambo ya kanisa. Wewe, Orrin, mambo ya kanisa! Halafu ukaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Marlys, umekimbilia roketi za wenzako miaka hamsini. Sasa rusha yako."

Na ni kweli nimekimbia. Tangu wewe una miaka kumi na mmoja na mimi tisa, wewe wa kubonyeza kitufe, mimi wa kukatiza shamba la kina Schaefer na kurudi nahema, roketi mkononi, makapi ya ngano kwenye nywele. Hata huku kwenye klabu ya roketi wananijua kwa hilo. Roketi ya mtu ikipotelea kwenye mabua wanasema mwiteni Marlys. Lakini asiye na kadi ya urushaji haruhusiwi kununua injini kubwa wala kuweka roketi yake kwenye reli ya kurushia, na kadi haitoki kirahisi. Uijenge mwenyewe kwa mikono yako, uirushe mbele ya mkaguzi, uirudishe nzima. Mwanzo niliona unanitania. Halafu nikagundua kwamba naitaka hiyo kadi kuliko nilivyotaka kitu chochote tangu mume wangu Harlan afariki. Sikukwambia, niliona haya, mwanamke wa miaka sitini na tatu kutamani kikaratasi chenye jina lake.

Basi nikafungua boksi juu ya meza ya jikoni. Mabomba ya kadibodi, ncha ya plastiki, kamba, mwavuli mwekundu wa kuishushia, mapezi ya mbao ya mkiani. Mawili yalikuwa kwenye mfuko wake. La tatu lilikuwa limeshagundishwa kwenye bomba la injini.

Nikajua ni wewe uliyelianza. Halafu nikaliangalia vizuri. Lilikuwa limekaa upande. Si sana, upana wa kucha tu, lakini lilikuwa upande, na gundi ilikuwa imetapakaa huku na huku mpaka pasipotakiwa, na katikati ya gundi hiyo, wazi kabisa, alama ya kidole gumba chako. Nilikaa nalo mkononi mpaka kahawa ikapoa.

Ulikuwa umeshanionya kwa simu kwamba nitaulizwa. Ulisema mkaguzi atanitazama machoni na kuuliza kama kila kitu nimegundisha mwenyewe, na kwamba watu wameshanyimwa kadi kwa sababu shemeji zao waliwasaidia ncha tu. Sijui ulipokuwa unasema hivyo ulikuwa umelisahau lile pezi, au uliona haya kulitaja. Dawa yake ilikuwa rahisi. Kulikata, kupiga msasa, kuandika kwa wauza roketi waniletee lingine. Nilichukua msumeno mdogo wa Harlan nikauweka palepale kwenye mshono wa gundi. Nikauondoa. Kesho yake nikauweka tena. Orrin, mkono ulikataa kabisa, ukagoma kama punda.

Nikafanya hivi. Nilichukua rula nikapima pezi lako limepinda kiasi gani, nikayagundisha yangu mawili yakae upande vilevile, kwa kipimo kilekile, yote matatu yakiangalia upande mmoja. Nilijiambia kwamba moja likiwa peke yake limepinda roketi itakwenda kombo, lakini yote yakiwa sawa itazunguka tu na kupanda. Wewe ndiye uliyenifundisha hayo. Kazi ilinichukua wiki tatu, kwa sababu ile gundi ya kuchanganya haina subira na mimi sina pia. Siku moja niligundisha mkono wa sweta langu la kijani kwenye bomba, ikabidi nivue sweta pale jikoni na kulikata kwa mkasi, na wakati huohuo mtu wa barua anagonga mlango. Nilimwambia kupitia dirisha aache kila kitu chini aende zake. Sasa ananisalimia kwa heshima mno.

Kisha upepo wa machipuko, kisha ngano ikawa shambani, kisha ukame na marufuku ya moto, ikawa hivyo mpaka Jumamosi iliyopita. Anga safi, upepo kidogo, mabua yamefyekwa chini. Niliupakia poda ya mtoto ule mwavuli kama ulivyonielekeza, nikaukunja mara saba mpaka ukakubali, nikaiweka roketi kiti cha mbele na kuifunga mkanda. Usinicheke.

Mkaguzi alikuwa Glenda Pfeifer, yule mwalimu wa hesabu mstaafu, ambaye hajawahi kumwonea mtu huruma tangu azaliwe. Aliichukua roketi, akaitingisha karibu na sikio, akayavuta mapezi kwa nguvu mpaka nikafumba macho. Hayakutikisika. Akainyanyua, akaiangalia kwa nyuma, jicho moja amefumba. Akaniambia kwamba katika miaka ishirini ya ukaguzi ameona mapezi yaliyopinda, lakini hajaona yaliyopinda kwa adabu namna hii, yote matatu sawasawa. Akasema ama mimi ni fundi mbaya mwenye kipimo kizuri, ama kuna hadithi.

Nikasema kuna hadithi. Akasema hadithi baadaye, kwanza swali: je, nimeijenga yote kwa mikono yangu?

Kaka, fomu ilikuwa palepale, jina langu limeshaandikwa juu, kalamu imefungwa kwa uzi. Watu wote wa klabu walikuwa wamesimama, maana walikuja kumwona mkimbiaji wao akirusha yake. Dewey, mwenzetu wa klabu, alikuwa ameshika kamera. Ilibaki neno moja tu. Nikasema hapana, pezi moja amegundisha kaka yangu.

Halafu Glenda, huyo huyo asiye na huruma, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akasema upepo leo una kelele na sikio lake la kushoto si zuri. Akasema ataniuliza mara ya pili. Akaniuliza polepole, ananitazama, na nilielewa kabisa ananipa nini. Nikasema tena, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye magari, kwamba pezi moja ni la Orrin na sitaliita langu.

Akafunga ile fomu. Akasema basi leo hakuna kadi, na kwamba kanuni ni kanuni, na sauti yake haikuwa kali hata kidogo. Kwa kuwa mimi sina ruhusa ya kurusha injini kubwa, aliandika jina lake kama mrushaji, akaiweka roketi yetu kwenye reli kwa mikono yake mwenyewe. Mahali pa mjenzi akaniachia niandike. Nikaandika majina mawili.

Wakahesabu. Orrin, natamani ungeona. Iliondoka na ngurumo moja, ikaanza kuzunguka, moshi ukasokotana nyuma yake kama kamba inayosukwa, na haikuyumba hata kidogo, ilinyooka juu mpaka ikawa nukta. Watu walipiga kelele. Kisha nikaona wekundu ukifunguka angani, na kabla hawajamaliza kusema mwiteni Marlys, Marlys alikuwa ameshaanza kukimbia, magoti na yote. Niliikuta mabuani imelala salama, nzima, hata rangi haijachubuka. Nilirudi nayo, Glenda akaikagua tena, akanirudishia, akasema tu kwamba ingepita. Nikaenda nyuma ya gari nikalia kidogo, sikufichi, kwa sababu niliitaka sana ile kadi. Halafu nikaja kula supu ya maharage na mkate wa mdalasini pamoja na wenzangu.

Jumapili nikakupigia. Uliuliza kama imeruka, nikasema imeruka. Ukauliza imerudi nzima, nikasema nzima. Ukasema, "Basi unayo kadi, mdogo wangu, unayo!" na sauti yako ikakatika, nikasikia unapenga kamasi, wewe ambaye hukulia hata kwenye mazishi ya mama. Nikasema ninayo. Huo ndio uongo wangu. Kadi sina.

Lakini hilo ni dogo, na hili lingine ndilo lililonifanya nikae chini na kalamu. Orrin, najua habari ya mikono yako.

Nimejua tangu siku ile niliyofungua boksi. Wewe hujagundisha kitu upande maishani mwako. Wewe ndiye uliyenipiga konzi kwa pezi lililopinda nusu ya nusu. Nilipoona ile gundi na kile kidole gumba, nilielewa kwa nini barua zako zinakuja kwa mashine ya kuchapa tangu Krismasi ya mwaka juzi, na kwa nini nilipokuja huko ulinifanya mimi nimimine kahawa na ukaketi na mikono katikati ya magoti kama mtu mwenye baridi. Niliona jinsi ulivyojaribu na lile pezi. Niliona mahali uliposhikilia, ukaachia, ukashika tena. Halafu ukafunga boksi ukasema una mambo ya kanisa.

Na mimi niliyejua nikanyamaza. Nilikuwa nasubiri uniambie. Miezi tisa tumekuwa tukizungumza kila Jumapili habari za hali ya hewa, wewe unanificha, mimi nakuficha kwamba najua. Sijakasirika, ila nimeumia kidogo, maana tumebaki wawili tu. Ndiyo maana sikuweza kusaini. Ningesema nimejenga peke yangu, ningekuwa nimekufuta, na pezi lile kwangu ni kazi bora kuliko zote ulizowahi kufanya. Kadi nitaipata. Sijuti hata kidogo, na wewe usijute.

Sasa sikiliza, na usibishe. Nimeshaagiza boksi lingine, na Glenda ameniandika kwa jaribio la mwezi wa nne. Ninakuja nalo huko wakati wa Sikukuu ya Shukrani, nitakaa wiki mbili, na nitalijenga juu ya meza yako. Mikono yako haitagusa hata chembe ya gundi, nisije nikaulizwa tena. Wewe utakuwa mdomo. Utakaa hapo unikosoe, useme hilo limekaa upande, useme nimetia gundi nyingi, useme yote uliyokuwa ukisema nilipokuwa na miaka tisa nami nikalia. Na tukimaliza kila jioni utaniambia daktari amesema nini, kwa kirefu, bila mambo ya kanisa.

Kama hujaenda kwa daktari, tutaenda wote.

Dewey na wenzake wa klabu wanakusalimu. Glenda pia anakusalimu, na ameagiza nikwambie kwamba pezi lako alilivuta kuliko mengine yote na halikuachia. Mimi nakusalimu kwa moyo wangu wote.

Ndege yangu inafika Jumanne tarehe ishirini na nne, saa tisa alasiri. Usije uwanjani, usipike, usifagie. Na siku hiyo mlango usiufunge kwa ufunguo. Najua kitasa kinakusumbua. Nitaingia mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Marlys