Mashine ya Mihogo Katikati ya Maua

Cyangugu, Jumamosi jioni, mwanzo wa mvua. Huu ni mwaka wa ishirini na nane tangu vita vituvushe mto Rusizi.

Mpendwa Mama Neema,

Leo nimekuwa mgeni! Chama cha wanafunzi wa uhandisi hapa mjini kiliniita nizungumze, na naandika haraka kwa furaha. Nisamehe mwandiko.

Unakumbuka chama chetu kule Bukavu, wewe msichana pekee kati ya wavulana wote wale? Kila mgeni, hata awe mkurugenzi, alizungumza nusu saa tu, kisha wewe uligonga kipande cha reli kwa spana: "Papa, maneno inatosha, sasa mikono!" Hapo aliletewa kitu kibovu kutoka mtaani akifungue mbele yetu. Yule bwana wa mabomba ya maji alipewa pasi. Akavua koti akicheka, akakaa nasi hadi giza. Mimi nilianza kukupenda kwa mlio ule wa reli.

Ulipokuwa hospitali uliniambia, "Siku moja tutarudi kwetu." Nikaitikia. Sasa kaka yako ameezeka upya nyumba yetu ya Bukavu, ng'ambo ya mto, na kesho baada ya misa anataka jibu langu kama nitarudi. Nilikuwa nimekwisha kufunga masanduku. Nilidhani hotuba hii ingekuwa kwaheri yangu kwa mji huu.

Basi wakanikalisha nyuma ya meza ya maua, projekta ikawaka. Nusu saa ilipotimia nikakatiza hotuba, nikauliza, "Hamna kitu kibovu hapa?" Rais wao, kijana wa suti na tai, akaninong'oneza, "Mzee, tuko bado na picha za kuonyesha." Lakini binti mmoja, Solange wa Gitambi, akainuka nyuma kabisa.

"Mzee, mashine ya maman ya kusaga mihogo iko inje mu gari. Fundi alisema tuitupe."

"Inanguruma au imenyamaza?"

"Inanguruma, lakini haizunguke."

Mama Neema, ungeruka! Tuliiweka juu ya meza, katikati ya maua. Vidole vyangu havishiki tena skrubu ndogo, kwa hiyo Solange alifungua nami nikauliza maswali. Wakabishana, wakapigana vikumbo, mpaka wakaona wenyewe kwamba kondensa, kile kikopo kinachoipa mota msukumo wa kuanza, imevimba. Mmoja akakimbilia karakana akaleta nyingine. Rais akawasha. Hakuna aliyekumbuka kuifunika: unga uliobaki ndani ukaruka, ukammwagikia kichwani!

"Rais, umemupita Mzee kwa mvi!" mmoja wao akapaza sauti.

Kicheko kilipotulia, Solange akaniuliza, "Mzee, mwezi yenye inakuja, utatuletea mugeni gani?"

Nikajikuta nawatajia mama mmoja wa Nyakabuye anayejenga madaraja ya vijijini. Nikawaagiza pia watafute kipande cha reli.

Nimefika nyumbani, nimefungua masanduku. Sitajidanganya: najua uliposema 'kwetu' ulimaanisha nyumba ile ya ng'ambo, yenye mti wa avoka ulioupanda. Lakini tuliahidiana kurudi wawili, na wewe umelala kilimani hapa. Kaka yako aingize watoto wake mle, wachume avoka.

Kesho nitapita kaburini kwako kabla ya misa, unga ukiwa bado kwenye viatu. Sitarudi Bukavu.

Mumeo,
Papa Neema