Kalenda ya Mwana Mpotevu

Kaloleni, Jumanne, Januari 1994

Kumbe Baba Wafula hakuwa anaangalia tarehe. Mwaka mzima nilimwona akisimama mbele ya ile kalenda ya kanisa, yenye picha aliyochora Mholanzi mmoja wa zamani: mzee amemwekea mikono mgongoni mwana mpotevu aliyepiga magoti. Mwaka ulipoisha nikaifanya kama kalenda zote, nikaikata nifunikie madaftari ya watoto, shule zinafunguliwa.

Leo ametoka kazini akakuta msumari mtupu. "Mama Wafula, ile picha iko wapi?"

Nikamletea daftari la hesabu la Nekesa. Akalishika muda mrefu. Kwenye jalada yuko mzee na mikono yake. Kijana hakutoshea.

"Nilikuwa nataka kumwandikia Wafula arudi," akasema polepole. Tangu amfukuze huyo mtoto wetu wa kwanza, jina lake hulitaja anaponiita mimi tu.

Ningeuliza kwanza. Swali moja tu, kabla ya kushika makasi...

Akageuza daftari, akatafuta nyuma. "Na huyu kijana alienda wapi?"

 Vile vipande nilivyokata, niliwashia jiko.