Jeshi Uliloliacha Bila Rangi

Kwa Mwashi, chumba cha uani,
Nyuma ya karakana ya fundi saa,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu Mama alitulea hivyo, na kwa sababu umenizidi miaka saba, si kwa sababu moyo unataka. Natumaini u mzima, kifua hakikusumbui, na umepata blanketi la maana kwa hiyo baridi ya huko. Hilo nalitumaini kwa kweli. Mengine utayasoma hapa chini.

Sisi huku hatujambo. Shemeji yako bado anajenga lile jengo la ofisi, wamefika ghorofa ya tatu, mgongo unamuuma lakini anakula vizuri. Mama goti limepungua uvimbe. Mpwa wako mkubwa ameanza kusoma, anasoma mpaka maandishi ya kwenye mifuko ya saruji. Yule mdogo, Bonge, ambaye hujawahi kumbeba, ameota jino la nne na analijaribia kwenye bega langu.

Haya, salamu zimetosha.

Kaka, barua yako kwa fundi saa ilifika. Ungeniandikia mimi. Anwani yangu unayo, maana ndiyo uliyotumia ulipotaka picha za jeshi. Lakini ulimwandikia yeye, na unajua fika kwamba barua ya mwanachama wa klabu aliye mbali husomwa kwa sauti Jumamosi kabla ya mchezo kuanza. Ulijua. Kwa hiyo nilisikia habari zangu mwenyewe mbele ya watu saba, nimempakata Bonge, nimeshika dadu mkononi.

Ile Jumamosi ilikuwa siku yangu ya kwanza kuamuru. Hilo labda hukulijua, nakuondolea lawama hiyo moja. Miaka mitano nimepanga meza ile, nimewekea watu milima na mito, halafu nakaa kwenye stuli pembeni natazama wanavyopigana vita vyao vya zamani, vya enzi za gobore na farasi, kwa dadu na utepe wa kupimia. Mwaka huu fundi saa akasema kiti chako kimekaa wazi muda mrefu, na jeshi lako la askari wa bati liko kwangu, basi nikikalie. Unaijua sheria yao, iko ukutani: asiye na jeshi hakai mezani. Mimi nilikuwa nalo. Nilipewa upande wa kushoto, kulinda daraja.

Nilifua gauni langu la bluu kwa ajili ya siku hiyo. Cheka tu.

Fundi saa akavaa miwani akaanza kusoma. Ukasema umepata wenzako huko wanaocheza mchezo huu. Vizuri. Ukasema wameona picha na wamelipenda sana jeshi ulilolipaka rangi. Hapo fundi saa alisita kidogo, akanitazama juu ya miwani, lakini kwa kuwa ameshaanza ikabidi aendelee. Ukasema lipakiwe litumwe, lirudi kwako kama ulivyoliacha, na kwamba mimi, dada yako, nilikuwa nalitunza tu.

Nalitunza tu. Kaka, hayo maneno mawili nimelala nayo mwezi mzima.

Unajua kilichofuata? Jenerali, yule muuza dawa mwenye tumbo, hakungoja hata karatasi ikunjwe. Akaniambia, "Mama Bonge, kumbe ulikuwa mlinzi wa ghala? Basi tupishe, ghala limepata mwenyewe." Watu wakacheka. Nikainuka. Sheria ni sheria, kuanzia dakika ile sikuwa na jeshi. Jenerali akakaa kwenye kiti kile na kuamuru askari niliowapaka mimi, juu ya kilima nilichokichonga mimi, na akamwangusha mpiga ngoma wangu mara mbili kwa kiwiko. Mimi nikarudi kwenye stuli nikamnyonyesha mtoto.

Sasa ngoja nikukumbushe ulichokiacha, maana naona umesahau. Uliacha maboksi mawili ya viatu. Ndani yake askari mia mbili na arobaini wa bati, kila mmoja urefu wa kidole gumba changu kutoka kwenye kifundo, wote kijivu kama samaki wa kukaushwa. Hukupaka hata mmoja. Ule mstari wa kalibu unaobaki ubavuni askari akitoka kumiminwa, hata huo hukuusugua. Ulisema utawapaka ukirudi likizo. Likizo ipi, Kaka?

Nilianza na mimba ya mpwa wako mkubwa, miguu imevimba, daktari kasema nikae chini. Nikakaa chini na askari wako. Shule niliiachia njiani, wewe mwenyewe ulikuwa ukiniita mwandiko wa kuku, kwa hiyo vile vitabu vyako vya Kiingereza vya vita ilibidi shemeji yako anisomee jioni, yeye naye anasoma kwa kidole. Tukajua kikosi kipi koti lake la bluu na kipi jeupe. Kwenye kikosi cha tatu nilikosea, nikawapaka pindo za mikono njano badala ya nyekundu, thelathini na sita. Nikarudia mkono mmoja mmoja. Sabini na mbili, kama hesabu bado unaikumbuka.

Macho nayapaka kwa kijiti cha meno. Unashusha pumzi, unaizuia, unagusa. Ukipumua, askari anatazama pua yake. Ninao kama kumi wa namna hiyo, ni wa wiki ile Bonge alipokuwa na homa.

Na kile kilima kwenye picha, kile ambacho bila shaka nacho umekichonga wewe, cha kwanza kilikufa. Nilikichonga kwa lile povu gumu jeupe linalofungashwa na friji mpya, kisu nimekipasha moto, kikatoka kilima cha kupendeza. Nikakipulizia rangi ya kopo. Kaka, kilianza kulika mbele ya macho yangu, kinazama chenyewe kama sukari ndani ya chai. Nililia. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba rangi ya kupuliza hula povu. Wewe ulijua, kwa sababu baadaye fundi saa aliniambia hata chako cha kwanza kiliisha hivyo hivyo. Hukuniambia kwa sababu hukuwahi kuuliza ninafanya nini.

Cha pili nikakivika magazeti na gundi kwanza, tabaka tatu, halafu mchanga ambao shemeji yako alinichekechea baada ya kazi, halafu ndiyo rangi. Nikakikata kwa ngazi ngazi, maana mlima wa kuteremka kama mlima wa kweli askari hawasimami, wanateleza wote mpaka mtoni. Majani ni unga wa mbao wa seremala niliouchovya rangi ya kijani nikauanika juu ya bati. Miti ni waya na sponji ya kuoshea vyombo niliyoinyofoa. Mama alitafuta sponji yake siku nne. Mto ni vanishi, mara kumi na moja, kila mara ikauke siku nzima, na mpwa wako aliacha alama ya kidole kwenye ile ya sita. Iko mpaka leo chini ya daraja, ukiinama unaiona.

Huko ndiko kutunza tu.

Na kwenye barua hiyo hiyo, mstari wa mwisho, ukamwagiza fundi saa askari waviringishwe kwenye pamba, mmoja mmoja, rangi isibanduke. Rangi ipi? Si ulitaka warudi kama ulivyowaacha? Chagua moja. Kama uliwaacha na rangi, niambie ulinunua wapi ile bluu. Ukiipatia, nitakufungia na kilima.

Nitakuambia ukweli, kuna siku nilimwaga tina kwenye kopo la jamu nikamchukua askari mmoja kwenye rafu. Nilitaka kuwachovya wote mpaka rangi itoke, nikutumie kijivu chako. Nilimshika juu ya kopo mpaka vidole vikafa ganzi. Sikuweza. Hajanikosea kitu, yule.

Nikaenda kwa fundi saa mchana, anabandika mshale kwenye saa ya mtu. Nikamuuliza Kaka aliacha nini hasa. Akafikiri, akasema bati. Nikamuuliza kalibu mliyowamiminia bado unayo? Akaacha kazi yake. Akasema anayo, iko chini ya meza, na akaanza kutabasamu kabla sijamaliza.

Wiki tatu, Kaka. Shemeji yako aliokota mabaki ya bati la kulehemu kwa mafundi bomba wa pale jengoni. Mimi nilileta vijiko viwili vya zamani na kinara kilichovunjika. Fundi saa aliyeyushia uani, watoto tumewafungia kwa Mama, na mimi nikawa nafungua kalibu na kuwatoa wakishapoa. Nami nikamtengenezea miti ishirini ya meza yake ya nyumbani, kwa hiyo usiseme nimefanyiwa hisani. Tukafika mia mbili na arobaini. Wale wale, kalibu ile ile, sura zile zile.

Jana tukawapeleka mezani. Fundi saa akaweka ile mizani yake ndogo mbele ya watu wote, huku kumi wa kijivu, huku kumi wa rangi kutoka kwenye lile jeshi la ubishi. Jenerali akasema huu ni uhuni, jeshi la mtu ni la mtu, na kama kila mwanamke aliyeachiwa mzigo akiurudisha mwingine dunia itaharibika. Nikamwambia, "Mjomba, dawa unazouza si uliachiwa na baba yako? Mbona hujamrudishia vidonge vile vile?" Nilimwita mjomba kwa heshima. Watu walicheka, na safari hii hawakunicheka mimi.

Upande wa rangi ukazama. Kidogo tu, upana wa ukucha. Ni ule mchanga wa chini ya miguu yao, na rangi, na vanishi. Fundi saa akaongeza punje za bati upande wako, ule wa kijivu, mpaka mikono ya mizani ikalingana. Akazikusanya zile punje kwenye kiganja, akawaonyesha wote.

Akasema, "Bati la kaka yake linarudi kwa kaka yake. Hiki kilichozidi ndicho cha dada, na hiki ndicho tunachokijia hapa kila Jumamosi."

Kisha akavuta kiti. Akanivutia mimi, mzee yule, kwa mkono wake.

Nilipigwa, Kaka. Sitakuficha. Daraja lilinitoka saa ya kwanza, farasi wangu walikwama kwenye mti nilioutengeneza mwenyewe, na Jenerali akafika kilimani anapiga mluzi. Dadu zilinikataa kabisa. Kufika saa kumi nilibaki na askari kumi na wanne na bendera moja. Lakini nilipigwa nimekaa. Bonge alikuwa mapajani, anauma utepe wa kupimia, na hakuna aliyeniambia nipishe. Jumamosi ijayo nataka upande wa kulia.

Kwa hiyo unapata kifurushi. Ndani wamo mia mbili na arobaini, wahesabu. Mistari ya kalibu sijaisugua, maana na wewe hukuisugua, nimekutumia kama ulivyoacha. Wenzako huko waambie jeshi liliharibikia njiani, au waambie ukweli, ni juu yako. Mimi sitawaandikia. Siyo tabia yangu kumsomea mtu barua mbele za watu.

Nimetia pia tupa ndogo, na brashi mbili, moja ina nywele tano tu, ndiyo ya vifungo. Anza na kusugua. Halafu rangi nyeusi mwili mzima, nyembamba, usirundike. Makoti baada ya hapo. Macho yawe mwisho kabisa, na usiyapake ukiwa na hasira, mimi nimeshajaribu.

Mama anakusalimu, anasema uvae soksi. Shemeji yako anakusalimu, ingawa alisema nisiandike alichosema kabla ya hapo. Fundi saa anakusalimu na anauliza kama bado unakumbuka kilima chako cha kwanza. Mpwa wako mkubwa amekuandikia jina lake nyuma ya karatasi hii, herufi moja imegeuka, mwache.

Mungu akufunike, akupe usingizi mzuri na mkono usiotetemeka.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata leo nilivyokasirika.

Ukimaliza askari wa kwanza, nitumie picha yake. Mmoja tu. Nitakuambia kweli kama amekaa sawa.