Santuri Iliyolala Dukani Miaka Minne

Jumatatu, 4 Septemba 1972
Redio tano leo kwenye kibanda changu cha ufundi. Tatu zilikuwa betri tu. Watu hawajaribu hata kubadilisha. Saa kumi na moja jirani yangu Salumu akafika na gitaa, vumbi la saruji ya bandarini bado liko kwenye nywele. Tumepiga upande wa kwanza mara mbili. Ile santuri ndefu ya Waingereza wanne waliojipaka rangi usoni. Ililala duka moja la mjini miaka minne, chini kabisa ya rundo, hakuna aliyeitaka. Mimi niliinunua kwa ajili ya picha ya jalada. Mwezi mzima sasa sijapiga nyingine. Kinanda kinaingia kizito, kisha gitaa linalia juu yake bila haraka yoyote. Wanunuzi wa mji huu hawana masikio.

Jumanne, 5 Septemba
Salumu amelegeza nyuzi zote ili gitaa lilingane na santuri. Wimbo wa tatu ameushika wote. Jumamosi anajaribiwa na bendi ya kiwanda. Wakimchukua, ataajiriwa hukohuko na kuachana na magunia. Ana miaka ishirini na sita na mgongo tayari unamsumbua. Namwombea sana.

Jumatano, 6 Septemba
Siku mbaya.
Nilimpelekea santuri Bwana Harshad, mwenye duka la vitambaa. Nilitaka kumtambia. Ana redio-gramu ya marehemu baba yake, anaitunza kama mtoto. Akaweka sindano. Waimbaji wakatoka mbio, sauti nyembamba. Nikamwambia mashine yake mbovu. Akaweka santuri ya taarabu ninayoijua tangu utoto, ikaimba sawasawa.
Mbovu ni yangu. Mkanda wa dukani wa kuzungusha sahani ya gramafoni yangu haukupatikana, nikakata mpira wa ndani wa baiskeli na kuufunga siku ileile niliyonunua santuri. Umelegea, unateleza, sahani inazunguka polepole. Mwezi mzima tumesifia mwendo ambao wale watu hawakuupiga. Na mimi ni fundi wa miaka kumi na miwili.

Alhamisi, 7 Septemba
Salumu alikuja. Alipiga vizuri kuliko siku zote. Sikumwambia. Mwoga mkubwa mimi.

Ijumaa, 8 Septemba
Baada ya swala nimemwambia. Nikampeleka kwa Harshad akasikie mwenyewe. Nilisubiri matusi, na ningeyapokea. Aliomba wimbo wa tatu urudiwe. Akasikiliza ameinamisha kichwa, vidole vinatembea gotini. Kisha akasema, "Kaka, hawa jamaa wanakimbilia wapi? Ule mpira usiuguse mpaka kesho ipite."
Harshad akacheka. Mimi sikuweza. Salumu akishindwa kesho, atakuwa ameshindwa kwa mkono wangu.

Jumamosi, 9 Septemba
Ukumbi wa kiwanda, saa nane mchana, joto. Kiongozi wa bendi ni mtu wa miwani myeusi, hatabasamu. Wapiga gitaa wanne wa mwanzo aliwakatiza hawajafika katikati. Wote walipiga haraka haraka, kuonyesha vidole.
Salumu akaanza polepole. Nilitazama sakafu. Mpiga ngoma akamfuata, kisha besi ikaingia bila kuambiwa. Wafagiaji wawili wakaacha mifagio na kuanza kucheza. Kiongozi hakumkatiza. Mwishoni akamuuliza wimbo kautoa wapi.
"Wimbo wa Waingereza, mzee," Salumu akasema. "Mwendo wa fundi wangu, yule pale."
Wamemchukua. Nimelia mbele za watu, sijali.

Jumatano, 13 Septemba
Redio mbili tu. Harshad amenitafutia mkanda wa kweli, nimeufunga asubuhi. Saa kumi na moja nikapiga upande wa kwanza kwa mwendo wake halali. Nilijiandaa kuchukia. Lakini ni nzuri. Ina furaha ambayo sisi hatukuisikia, na nyuma ya kinanda kuna filimbi ndogo iliyokuwa imezama. Nilitaka kumwonyesha mtu ile filimbi. Salumu yuko mazoezini nje ya mji na bendi, watarudi Jumapili. Nikageuza upande wa pili.