Ufunguo wa sanduku la Mwanaidi

Jumanne

Mke wangu Mwanaidi alikufa kwa TB mwezi wa nne. Leo na mimi nimeenda Korogwe kupigwa picha ya kifua, maana nakohoa.

Kompyuta inayosoma picha ikasema nina TB. Daktari akanionyesha picha: pale kompyuta inapopatilia shaka panawaka nyekundu. Nyekundu yote ilikuwa kwenye ufunguo wa sanduku la marehemu. Nauvaa shingoni tangu tumzike. Nilipoambiwa nivue vitu nikausukumia mgongoni, kumbe picha inafika mpaka huko.

"Mzee wangu, hii kompyuta imeogopa ufunguo, siyo mapafu!" Akacheka. Mimi sikucheka.

Nikauvua, tukarudia. Kifua kisafi. Ni vumbi tu, kasema.

Nimechoka. Ufunguo nimeuvaa tena. Kesho narudi kukata mkonge.